Si Kila Ndege ya Kivita Iangukayo Imetunguliwa

Mwanzoni mwa Desemba 2025 Jeshi la Wanamaji la Marekani liliweka hadharani ripoti za uchunguzi wa mikasa iliyoiandama manowari yake ya kubebea ndege, USS Harry S. Truman, ilipokuwa Bahari ya Shamu ikipambana na Wahouthi wa Yemen. Katika muda usiofika miezi mitano, kati ya Desemba 2024 na Mei 2025, ndege tatu za kivita aina ya F/A-18 Super Hornet zilipotea, kila moja ikiwa na thamani inayozidi dola milioni 60. Wakati ule, vijiweni hapa Tanga na kwenye simu zetu, habari ilikuwa moja tu: Wahouthi wanazitungua ndege za Mmarekani. Ripoti zinaonyesha kwamba hakuna hata moja kati ya hizo tatu iliyoguswa na silaha ya adui. Niseme mapema ninachokitetea. Swali letu la kwanza kila ndege ya jeshi inapoanguka, "nani kaitungua?", hutupeleka kombo. Sehemu kubwa ya ndege za kijeshi hupotea mikononi mwa wenyewe, na ukitaka kulijua jeshi, liangalie linavyochunguza hasara zake na kuwaeleza wenye mali, yaani wananchi, kabla hujahesabu ndege zilizoanguka. Kwa kipimo hicho, majeshi ya ukanda wetu yana deni kubwa.

Tuziangalie hizo tatu kwa karibu. Tarehe 22 Desemba 2024, meli ya makombora USS Gettysburg, iliyokuwa katika msafara uleule wa Truman na yenye kazi ya kuulinda, ilifyatua kombora na kuipiga Super Hornet iliyokuwa ikirejea manowarini. Waliokuwa kwenye rada waliamini kinachowajia ni kombora la Wahouthi. Wanajeshi wawili waliokuwemo walijifyatua na viti vyao wakaokolewa. Ndege nyingine ya Marekani nayo ilirushiwa kombora, ikaponea chupuchupu. Msemaji wa Wahouthi alijitangazia ushindi, na dai lake ndilo lililotufikia huku. Wachunguzi wa Marekani walikuta uamuzi mbaya wa kamanda wa meli, mazoezi ya pamoja yaliyokuwa haba baina ya meli hiyo na msafara, na hitilafu kwenye mtambo wa kutambua nani rafiki na nani adui. Tarehe 28 Aprili 2025 ndege ya pili ilikuwa ikikokotwa ndani ya banda la manowari wakati manowari ilipokata kona kali kukwepa shambulio. Ikateleza ikaingia baharini pamoja na trekta lake. Siku chache baadaye, Mei 6, ya tatu ilitua vizuri na kunasa kamba ya kuisimamisha, lakini mtambo wa kamba ukashindwa kuishikilia kwa sababu ya matengenezo duni, ikavuka ukingo na kuzama. Waliokuwemo waliokolewa.

Wala jambo hili halikuanza na Wamarekani wa leo. Ujerumani Magharibi ilinunua ndege 916 za F-104 Starfighter kuanzia miaka ya 1960. Karibu theluthi moja zilianguka, na marubani 116 wakafa, katika miaka ambayo nchi hiyo haikupigana vita yoyote. Ndege iliyobuniwa kupaa juu sana kwa kasi, katika anga safi, ilipewa kazi ya kuruka chini chini ikiwa na mabomu katika mawingu ya Ulaya, na marubani na mafundi wakakabidhiwa mashine ngumu kuliko waliyoizoea. India iliirusha MiG-21 kuanzia 1963 hadi ilipoiaga rasmi tarehe 26 Septemba 2025, na katika muda huo zaidi ya 400 zilianguka, nyingi zikiwa kwenye mafunzo na doria za kawaida. Hata katika Vita Kuu ya Pili, kikosi cha anga cha Jeshi la Marekani kilipoteza watu karibu 15,000 kwenye ajali za ndani ya Marekani kwenyewe, vijana ambao hawakuwahi kumwona Mjerumani wala Mjapani. Ndege ya abiria hujengwa na kuendeshwa ikae mbali na hatari. Ndege ya kivita hufundishwa kuikaribia: hupita chini ya kilele cha mlima usiku, hugeuka kwa nguvu inayoukandamiza mwili wa rubani, hutua kwenye sitaha inayopanda na kushuka na mawimbi. Inapofanya hayo kila siku, uchovu wa fundi mmoja au nati moja iliyolegea hutosha kuiangusha.

Afrika Mashariki tuna ushahidi wetu, na nadhani hatujautumia ipasavyo. Tarehe 12 Agosti 2012, Uganda ilituma helikopta nne kutoka Entebbe kwenda Somalia kupambana na al-Shabaab. Moja, ya kubebea watu, ilifika Garissa salama. Tatu za mashambulizi, aina ya Mi-24, ziliangukia Mlima Kenya katika hali mbaya ya hewa. Kundi ambalo helikopta hizo zilikuwa zikilifuata halikurusha hata risasi moja, na bado sehemu kubwa ya nguvu ya anga ya operesheni ile ilitoweka kwa siku moja. Julai 2025 helikopta nyingine ya Uganda ya aina hiyohiyo ikaanguka ilipokuwa inatua uwanja wa Aden Adde mjini Mogadishu, watu wakafa, na mitandao ikaanza upya na swali lilelile la nani kaitungua.

Kuna mfano wa zamani zaidi, kusini mwa pwani yetu hii. Mwishoni mwa 1914 Waingereza walileta ndege kuitafuta manowari ya Kijerumani Königsberg iliyokuwa imejificha katika delta ya Rufiji. Ya kwanza, ndege ya Curtiss ya kutua majini, iliishia kwenye delta na rubani wake akatekwa. Nyingine za Sopwith zilizofuata zilishindwa na joto letu: gundi iliachia mbao na injini hazikuweza kuzipandisha. Waliporudi mwaka 1915 na ndege nyingine na kuweka kituo Mafia, mambo yakabadilika. Tarehe 11 Julai 1915 ndege iliyokuwa ikielekeza mizinga ya meli za Kiingereza ilipigwa, ikashuka mtoni, na wawili waliokuwemo wakaokolewa. Siku hiyohiyo Königsberg iliangamizwa. Ukiandika tu kwamba Wajerumani waliidungua ndege ya Mwingereza, umesema kweli, lakini hujaeleza kilichotokea. Ndege ilipotea kazi ikiwa imekamilika, wakati zile za Sopwith zilipotea bila hata kuianza. Kwa hesabu ya kijiweni zote ni "ndege iliyoanguka", lakini kwa kamanda ni mambo mawili yaliyo mbali sana.

Upande wa pili una hoja, na iliyo nzito kuliko zote ni hii: hasara ni hasara. Kama Wahouthi waliwakesha wanamaji wa Marekani kwa miezi, usiku baada ya usiku, hadi macho yakachoka na kombora likarushwa kwa ndege yao wenyewe, je, si wao walioiangusha? Kona kali ya Aprili 28 ilikatwa kwa sababu yao. Tena, kati ya katikati ya Machi na mwishoni mwa Aprili 2025 waliangusha ndege zisizo na rubani za MQ-9 saba, na hizo kweli zilitunguliwa. Naikubali hoja hii kwa sehemu kubwa. Shinikizo la adui ni silaha, na jeshi linalojiumiza chini ya shinikizo limeonyesha udhaifu wa kweli. Lakini tazama hoja yenyewe inakotupeleka: ili kujua kama ni shinikizo, au mafunzo, au mtambo mbovu, lazima tufungue uchunguzi. Hitilafu ya mtambo wa utambuzi ingekuwepo hata bila Wahouthi. Matengenezo duni ya kamba ya Mei 6 hayakufanywa na Wahouthi. Anayesema "wamewaangusha" na kuishia hapo hawezi kutuambia kipi kitarekebishwa kesho.

Zipo pia hasara za vita halisi ambazo zinabadilisha fikra za dunia, na sitaki kuzipunguza. Tarehe 27 Machi 1999 Waserbia waliitungua F-117 ya Marekani, ndege iliyosifiwa kwamba rada haiioni, kwa kombora la Kisovieti lililobuniwa zama za kina babu. Kamanda wao, Zoltán Dani, aliwaelewa wapinzani wake: walikuwa wakipita njia zilezile usiku baada ya usiku. Juni 1, 2025, Ukraine ilificha droni ndani ya malori na kuziharibu ndege za Urusi za kurushia mabomu zikiwa zimeegeshwa ardhini, maelfu ya kilomita kutoka mstari wa mbele. Matukio haya mawili yanastahili kusomwa vyuoni. Hata hivyo yanathibitisha ninachosema, kwa sababu umuhimu wake unatokana na kujua namna yalivyotokea: njia iliyozoeleka, lori lisilokaguliwa.

Tatizo ni kwamba habari hutufikia kabla ya ukweli kuwa tayari. Mei 2025, India na Pakistan zilipopigana kwa siku nne, Pakistan ilidai imetungua ndege tano, baadaye ikasema sita, na India ikanyamaza. Mwisho wa mwezi huo Mkuu wa Majeshi ya India, Jenerali Anil Chauhan, alikiri akiwa Singapore kwamba ndege zilipotea, akakataa kutaja idadi, akasisitiza kwamba la maana ni kwa nini zilipotea na makosa gani yalirekebishwa. Agosti mkuu wa jeshi lake la anga naye akadai wameangusha ndege sita za Pakistan. Siku zile kijana mmoja alitupitishia simu kijiweni, Ngamiani, tuone ndege ikilipuka angani, na mzee aliyekuwa mpiga mizinga wakati wa Vita vya Kagera akamwambia, "Mwanangu, moshi wa kweli haupandi hivyo." Picha ile ilitoka kwenye mchezo wa kompyuta, na haikuwa ya kwanza: mwaka 2022 dunia nzima ilimshangilia "Mzuka wa Kyiv", rubani aliyedaiwa kuangusha ndege kadhaa za Urusi peke yake, hadi jeshi la anga la Ukraine lenyewe likakiri kwamba hakuna mtu huyo. Dai la kutungua ndege linaanza kuaminika linapokuwa na mabaki yenye nambari ya mkia, mahali panapoweza kutambuliwa, na rubani aliyetekwa, aliyeokolewa au aliyezikwa. Bila hayo ni dai la msemaji, awe wa upande tunaoupenda au tunaouchukia.

Hoja dhaifu kuliko zote, na ndiyo maarufu kuliko zote, ni ile ya kuhukumu silaha kwa ajali moja. Tarehe 21 Novemba 2025 ndege ya India aina ya Tejas ilianguka mbele ya watazamaji katika maonyesho ya anga ya Dubai, rubani akafa. Kabla moto haujazimwa watu walishatoa hukumu: ndege za Wahindi ni takataka. Wakati mwingine hukumu huwa kwa Mchina, mara kwa Mrusi, mara kwa Mmarekani, kutegemea mtu anamchukia nani. Ajali moja haiwezi kukuambia hivyo. Wanaojua kazi hii huhesabu ajali kwa saa za kuruka, kwa kawaida kila saa 100,000, kisha huangalia zilitokea katika kazi gani. Ndege isiyoruka haianguki. Jeshi lenye ndege kumi zilizofunikwa turubai kwa kukosa vipuri litakuwa na rekodi safi, na marubani wake watakuwa hatari siku watakapohitajika. Tena, onyesho la anga huifikisha ndege karibu na ardhi kwa makusudi, mahali ambapo kosa la sekunde moja halina nafasi ya kusahihishwa. Tumlilie rubani, tusubiri uchunguzi. Kumgeuza marehemu kuwa tangazo la biashara la nchi nyingine ni jambo linaloniuma.

Watu wa Tanga tuna sababu ya pekee ya kulielewa hili. Novemba 1914 Waingereza walishusha hapa askari wapatao 8,000, wengi wao kutoka India, dhidi ya jeshi la Kijerumani la watu elfu moja na ushei, wengi wao askari wa Kiafrika, wakashindwa vibaya. Walipoondoka waliacha bunduki, mizinga ya rashasha na risasi kama 600,000. Kila mtoto wa hapa amesikia sababu: nyuki. Ni kweli nyuki walivurugwa na risasi wakauma watu, lakini waliuma pande zote mbili. Kilichowaangusha Waingereza ni kwamba kapteni wa meli HMS Fox aliwapa Wajerumani taarifa mapema kwamba makubaliano ya kutoshambulia mji yamekwisha, ardhi haikupelelezwa, na askari waliochoshwa na safari ndefu ya bahari wakaingizwa vichakani. Hadithi ya nyuki ni tamu na haimwaibishi jenerali yeyote. Ndiyo maana imedumu. Kila ndege inapoanguka leo pana mtu anayetafuta nyuki wa kusingizia, na kwa kawaida ni mtu mwenye cheo.

Hapo ndipo nafika kwenye hoja ya siri. Majeshi yetu husema kwamba kutangaza sababu za ajali ni kumpa adui habari na kuvunja moyo wa wapiganaji. Sehemu ya kwanza ina ukweli. Hakuna mwenye akili anayetaka masafa ya rada au mbinu za doria ziandikwe gazetini. Lakini ripoti za Truman zilitolewa zikiwa na sehemu zilizofutwa wino, na Marekani bado ina adui wengi kuliko sisi. Sehemu ya pili siikubali hata kidogo. Mwaka 1978, mwanzoni mwa Vita vya Kagera, walinzi wetu wa anga waliangusha ndege zetu wenyewe karibu na Musoma. Jambo hilo limeandikwa na wanahistoria wa vita ile, lakini ni Watanzania wangapi wamelisoma shuleni? Mwaka 2003 makombora ya Patriot ya Marekani yaliangusha ndege ya Uingereza na kisha ya Marekani yenyewe huko Iraki, na uchunguzi ukasomwa na dunia nzima. Aliyewekwa zamu kwenye mzinga leo anahitaji kujua kilichomtokea mwenzake wa Musoma kuliko anavyohitaji gwaride.

Ukimya una gharama nyingine, ya kisiasa. Tarehe 6 Aprili 1994 ndege ya Rais Juvénal Habyarimana iliondoka Dar es Salaam ikatunguliwa ikikaribia Kigali, na zaidi ya miaka 30 baadaye aliyefyatua makombora bado ni ubishi unaotumiwa kama silaha. Aprili 18, 2024, Mkuu wa Majeshi ya Kenya, Jenerali Francis Ogolla, alikufa na wenzake tisa helikopta yao ilipoanguka Elgeyo Marakwet. Kabla hajazikwa, nadharia za njama zilikuwa zimeshazunguka nchi nzima. Miezi miwili baadaye Makamu wa Rais wa Malawi, Saulos Chilima, alikufa katika ndege ya jeshi iliyoanguka msitu wa Chikangawa. Ndege hiyo haikuwa na kinasa sauti wala kinasa mwenendo wa safari. Tume iliyoundwa baadaye ilitaja hali ya hewa na makosa ya kibinadamu, ikaondoa dhana ya hujuma, lakini wapo Wamalawi wengi ambao hawataamini kamwe. Kifaa ambacho ndege ya abiria ya ukubwa wa kati hairuhusiwi kuruka bila nacho kingeokoa taifa na sehemu ya mashaka hayo.

Kisheria, mwanya upo wazi. Mkataba wa Chicago wa 1944 unaosimamia usafiri wa anga, katika kifungu cha 3, unaziweka kando ndege za kijeshi, za forodha na za polisi. Kwa hiyo kanuni ya ripoti ya awali ndani ya siku 30 inazihusu ndege za kiraia tu. Lakini uwezo tunao. Ndege ya Precision Air ilipotumbukia Ziwa Victoria karibu na uwanja wa Bukoba tarehe 6 Novemba 2022 na watu 19 wakafa, wachunguzi wa Tanzania walitoa ripoti ya awali ndani ya wiki chache, nayo haikuficha mapungufu ya uokoaji wetu. Serikali haikuanguka kwa kusema hivyo. Dhaka walijifunza kwa uchungu zaidi: Julai 21, 2025 ndege ya kivita ya jeshi la anga la Bangladesh iliyokuwa mafunzoni iliangukia shule, watoto wengi wakafa, na wanafunzi wakaandamana kudai majina na idadi ya kweli ya waliokufa. Ndege ya jeshi huruka juu ya vichwa vya raia, na raia ndio hufika wa kwanza inapoanguka, kama wavuvi walivyofanya Bukoba na kama watakavyofanya wa Tanga, Pangani au Moa siku ikitokea huku. Nani amewaambia kwamba kiti cha rubani ambacho hakijafyatuka kinaweza kuua, na kwamba mabaki ya silaha hayaguswi?

Ninachopendekeza hakihitaji sheria mpya kubwa. Kila ajali ya ndege ya JWTZ iliyoua mtu au kuharibu ndege iwe na ripoti kamili kwa Kamati ya Bunge ya Nje, Ulinzi na Usalama, hata kama kikao ni cha faragha, na muhtasari wa kurasa mbili au tatu kwa umma ndani ya siku 30: ndege ilikuwa kazi gani, hali ya hewa ilikuwaje, kilichojulikana hadi sasa, kilichosimamishwa ili kisitokee tena. Vinasa mwenendo vifungwe kwanza kwenye ndege na helikopta zinazobeba viongozi na vikosi. Mkoa huu una kambi za JKT za Mgambo na Maramba, na vijana wanaopita huko ndio mafundi na marubani wa kesho. Kabla muhtasari haujafika kwa waandishi wa habari, upelekwe nyumbani kwa waliofiwa, na aende nao ofisa mwenye ruhusa ya kujibu maswali yao.